Kanisa la Mtakatifu Maria, Fairford: Panapostahili Nusu Siku

Katika mji mdogo wa Fairford, jimboni Gloucestershire, Uingereza, lipo kanisa la parokia ambalo ningemshauri kila mpenzi wa historia ya Ukristo alitengee nusu siku, wala asilipitie kwa haraka. Lilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 15 kwa fedha za John Tame, mfanyabiashara tajiri wa sufu, ambaye alifariki mwaka 1500, na mwanawe Edmund ndiye aliyeikamilisha kazi. Kaburi la John na mkewe Alice lingali humo ndani.

Thamani yake ya pekee ni madirisha 28 ya vioo vya rangi, kwa kuwa hakuna kanisa jingine la parokia nchini humo lililobaki na mkusanyiko kamili wa aina hiyo kutoka Enzi za Kati. Kwingineko vioo vingi vilivunjwa katika misukosuko ya karne ya 16 na ya 17. Hivi vilinusurika, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliondolewa vikahifadhiwa mahali salama.

Anza upande wa kaskazini, kwa Hawa na nyoka, kisha Musa mbele ya kijiti kiwakacho moto, Gideoni na ngozi yake ya kondoo, na Malkia wa Sheba mbele ya Sulemani, ndipo ufuate maisha ya Maria hadi dirisha la mashariki, ambalo chini linaonyesha mateso ya Yesu na juu kusulubiwa kwake. Mitume wamepangwa upande wa kusini, kila mmoja na kifungu chake cha Kanuni ya Imani, wakitazamana na manabii walio kaskazini. Mpangilio huu ulifikiriwa kwa kina, na asiyeufuata ataondoka na kumbukumbu ya rangi tu.

Lililonigusa kuliko yote ni dirisha la magharibi, la Hukumu ya Mwisho. Mikaeli anapima roho kwa mizani, na kuliani mwa mtazamaji jehanamu imewaka wekundu mkali. Tufani ya mwaka 1703 ililiharibu, na sehemu yake ya juu ni kazi ya karne ya 19, ambayo kwa maoni yangu haifikii uhai wa ile ya chini.

Nenda alasiri ya jua, mwanga unapolipiga dirisha hilo, na uchukue darubini ndogo: watesaji wa Kanisa na mashetani wao wamewekwa juu sana, na kwa macho matupu sura zao hazionekani vizuri.