Tathmini ya kozi ya sauti kuhusu wasoshalisti wa wastani wa Japani, 1926–1940

Kozi hii ya kulipia, inayosikilizwa kwa simu kwa lugha ya Kiingereza, inasimulia habari za Shakai Minshuto, chama kilichoundwa Desemba 1926 chini ya uenyekiti wa Abe Isoo, Mkristo na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Waseda, ambaye Wajapani humwita pia baba wa besiboli yao.

Somo la uchaguzi wa 1928 ndilo bora kuliko yote. Mhadhiri anaeleza kwa utulivu kwamba mwaka 1925 serikali iliwapa wanaume wa kuanzia miaka 25 haki ya kupiga kura bila sharti la kodi, na mwaka huohuo ikatunga Sheria ya Kulinda Amani ili kuwabana wakomunisti, hata msikilizaji akaelewa kwa nini Suzuki Bunji na wenzake wa shirikisho la wafanyakazi la Sodomei walijitenga na mrengo mkali. Vyama vya wasio na mali, yaani vya wafanyakazi na wakulima maskini, vilipata viti 8 bungeni, vinne vikiwa vya Shakai Minshuto.

Baada ya hapo kozi inalegea. Vyama hivyo viligawanyika na kuungana mara nyingi, lakini mnunuzi hapewi hata jedwali la kumwongoza. Mhadhiri anaisifu kaulimbiu ya Shakai Taishuto, chama kilichotokana na muungano wa Shakai Minshuto na wenzake mwaka 1932, ya kupinga ubepari, ukomunisti na ufashisti. Anafurahia viti vyake 37 vya mwaka 1937. Kisha anashangaa chama hichohicho kinapounga mkono vita dhidi ya China. Mimi sioni la kushangaza, kwani katibu mkuu Aso Hisashi alikuwa ameukaribisha tangu 1934 waraka wa jeshi kuhusu ulinzi wa taifa, akitumaini kwamba wanajeshi wangesaidia kuwadhibiti mabepari. Habari hiyo, iliyostahili somo zima, imepewa sentensi moja.

Mwaka 1940, Katayama Tetsu na wenzake waliokwepa kura ya kumfukuza bungeni Saito Takao, mkosoaji wa vita, walitimuliwa chamani, na Julai chama chenyewe kikavunjwa. Kozi inaishia hapo, bila kugusia kwamba Katayama alikuja kuwa waziri mkuu mwaka 1947.

Masomo yanauzwa pia mojamoja. Ningemshauri anayeanza anunue yale yanayofikia 1932, na miaka iliyofuata aitafutie mwalimu mwingine.