Kaunta buku kama shajara ya kwanza

Anayetaka kuanza kuandika shajara huingia dukani akitafuta daftari lenye jalada la ngozi na utepe, ilhali linalomfaa liko rafu ya chini, pamoja na vitabu vya stakabadhi na karatasi za kaboni. Nazungumzia kaunta buku, lile lile ambalo mwenye duka huandikia wadaiwa na mwanafunzi wa sekondari huandikia notisi.

Sifa yake kubwa ni kwamba halina tarehe. Diari ya mwaka hutenga ukurasa kwa kila siku, na anayeanza, ambaye hana budi kuruka siku kwa safari, ugonjwa au uchovu tu, hukuta kurasa tupu zikimsuta, hata akaiacha kabla Februari haijaisha. Kwenye kaunta unaandika tarehe mwenyewe, na pengo la wiki mbili ni mstari mmoja tu ulioachwa wazi.

Kaunta huuzwa kwa kwaya. Kwaya moja ni karatasi 24, ambazo zikikunjwa katikati hutoa majani 48, yaani kurasa 96. La kwaya mbili lina kurasa 192. Kwa mwanzo chagua dogo la A5, si lile pana la A4. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1986 pamoja na Sandra Beall, aliwaandikisha wanafunzi kwa dakika 15 tu kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowahi kuwaumiza. Dakika kama hizo, kwa mwandiko wa kawaida, zinatosha kujaza ukurasa wa A5, lakini kwenye A4 mtu huishia katikati na kujiona kama hakumaliza kazi.

Kabla ya kulipa, lifungue katikati ya fungu la karatasi. Ukiona uzi umepita kwenye mkunjo, limeshonwa, nalo litalala wazi mezani bila kushikiliwa. Likiwa la gundi tupu, lirudishe, kwa sababu gundi ikizeeka mgongo hukakamaa na majani huanza kunyofoka.

Karatasi yake ndiyo udhaifu wenyewe. Ni nyepesi, kalamu ya kawaida ya Bic haina shida, lakini wino wa jeli huonekana upande wa pili, na wa kalamu ya kujaza wino hupenya kabisa. Daftari la Leuchtturm1917 la Ujerumani, katika A5 yenye jalada gumu, lina karatasi ya gramu 80 na kurasa 251 zilizochapwa namba, na namba hizo ndizo pekee ninazozionea wivu. Kwenye kaunta nimeziandika kwa mkono pembeni, kurasa chache kila ninapoketi kuandika.

Jambo ambalo muuzaji hatakutajia ni usiri. Kijitabu chenye kufuli kidogo huita macho ya kila mtu, hasa katika nyumba ya chumba na sebule, lakini kaunta likiwekwa juu ya kabati hudhaniwa ni hesabu za kikoba, na hakuna anayetaka kusoma hesabu za kikoba. Wa nyumbani kwangu hufikiri nadai watu.