Darasa la Yoeli la WhatsApp, elfu kumi yangu imeenda vizuri ila sauti jamani

Mnaouliza kuhusu lile darasa la Biblia la WhatsApp la kitabu cha Yoeli, nimelimaliza, lipieni tu. Ni elfu kumi, jioni unatumiwa voisi na pdf ya maswali, grupu limefungwa wanaopost ni maadmini tu, ukiwa na swali unamfuata mwalimu inbox.

Mimi nilichofuata pale ni Yoeli 2:25, "nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige", si mnaujua, kila mkesha wa mwaka mpya lazima usomwe, unaambiwa pokea, unapokea, sadaka inapita, mnatawanyika. Mwalimu hakuugusa kwanza. Alianza sura ya 1 polepole, tunutu wamekula, walichobakiza kikaliwa na nzige, wakaja parare, wakaja madumadu (yote hayo ni majina ya nzige), mpaka hekaluni sadaka ya unga na ya kinywaji imekatika, mtini umebambuliwa magome umebaki mweupe. Akatuwekea picha za nzige wa Kenya wa 2020, kumbe kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kumaliza kwa siku chakula cha watu kama 35,000. Hapo ndo nikaelewa kwa nini ule mstari unasema miaka na sio mavuno, maana mtini ukishachunwa hivyo huli tini mwakani, na mbegu zimeoza ardhini unapanda nini sasa?

Halafu ndo toba, 2:12 mpaka 17, rarueni mioyo yenu wala si mavazi yenu, wanaitwa wazee, watoto wanaonyonya, hadi bwana arusi atoke chumbani kwake (hii mwalimu aliichekea sana). Mungu anajibu kuanzia 18. Kwa hiyo ule mstari wetu wa mkesha uko ndani ya jibu, tena jibu kwa nchi nzima, ngano na divai na mafuta, mvua kwa wakati wake, sio gari la mtu mmoja.

Voisi bora kuliko zote ni ile aliyoonyesha kwamba Yoeli hataji popote ni dhambi gani watu walifanya. Nabii mwenzake Amosi anataja mpaka mizani ya udanganyifu, huyu kimya. Sasa wale wanaomwambia mtu aliyeunguliwa duka "tafuta ulipokosea" wanaitoa wapi kwa Yoeli?

Mabaya yapo. Maiki mbovu, jogoo anawika katikati ya maombi, na kuanzia 2:28 amekimbia mno, Roho kumwagwa, Petro kuyanukuu maneno hayo siku ya Pentekoste, Matendo 2, vyote voisi moja fupi. Nikamuuliza inbox, ahadi hii walipewa watu wa Yuda wa enzi za Yoeli, sisi tunaichukuaje? Tiki mbili za bluu, basi.

Nyota nne. Wamesema linalofuata ni Hosea, nalipia, ila swali langu bado namdai.