Kikokotoo kilichoihamishia Mwanza jirani na Moshi

Ofisini kwetu mimi ndiye wa tiketi na posho za safari. Wafadhili walipoleta fomu mpya, kila safari ya ndege ikatakiwa kuandikwa kilomita zake ili wapige hesabu ya hewa ukaa. Nikapakua kikokotoo cha umbali kwenye simu (si kile cha pensheni, tulieni), jina lake nalihifadhi. Dar hadi Kilimanjaro nilikuwa nayo tayari kutoka kwingine, kilomita 450 hivi. Dar hadi Mwanza kikokotoo kikasema 460. Nikajaza, nikapeleka kwa mhasibu.

Mhasibu wetu ni mtu wa Magu, hukohuko mkoani Mwanza. Akaitazama fomu, akanitazama na mimi.

"Dada, Mwanza imehamia lini Moshi?"

Kumbe ile 460 ilikuwa maili za baharini, kipimo cha marubani na manahodha. Moja ni kilomita 1.852. Herufi "nm" zilikuwepo pembeni, ndogo kama mayai ya sisimizi. Ukizidisha unapata kilomita 850 na ushee. Fomu nzima nikairudia.

Siku hizi natumia tovuti ya Great Circle Mapper. Unaandika DAR-MWZ, inakuchorea mstari kwenye ramani na kukupa umbali, na kipimo unachagua mwenyewe. Safari ya kuunganisha unaiandika mfululizo, DAR-JRO-NBO, unapata kila kipande pamoja na jumla. Ni ya Kiingereza, ila unachoandika humo ni misimbo ya viwanja vya ndege tu.

Na misimbo ndiyo yenye mitego. Sote tunasema KIA, lakini msimbo wa Kilimanjaro ni JRO. ARK ni ule uwanja mdogo wa Arusha mjini. Ukivichanganya, safari ya kutoka Dar inaongezeka kilomita 30 na kitu ambazo hakuna aliyeziruka.

Siku moja nikajaribu NBO-JFK, mstari ukatoka umepinda kama upinde. Nikadhani imeharibika. Nilipochukua tufe la dunia la mwanangu na uzi, nikaubana Nairobi na New York na kuuvuta ukakaza, uzi ukapanda kaskazini vilevile, ukikatiza Sahara. Kilomita 11,800 na ushee, na hiyo ndiyo njia fupi.

Ila huo ni umbali wa uzi. Ndege huzunguka kusubiri zamu ya kutua, hukwepa mawingu mabaya. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, katika hesabu yao ya hewa ukaa, huongeza kilomita 50 kwa safari isiyofika 550, kilomita 100 kwa zinazoishia 5,500, na 125 kwa zilizozidi hapo. Nami naongeza hivyohivyo. Matokeo yake Dar hadi Zanzibar, ambayo kwa uzi ni kilomita 73 hivi, kwenye fomu inasomeka 123. Bosi alipoiona akauliza boti ya asubuhi inaondoka saa ngapi.