Bamvua na Maji Mafu: uzoefu wangu kununua picha kwa mchoraji wa Mji Mkongwe

Nilikuwa natafuta picha ya ukumbini na sharti langu lilikuwa moja: isiwe na tembo. Tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama, siidharau. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, na alipofariki 1972 mtindo wake ulikuwa umeshashika. Ila ukipita mitaa ya Hurumzi au Gizenga, duka kwa duka ni twiga wale wale, na Unguja twiga hatunaye.

Shoga yangu akanielekeza kwa mchoraji mmoja upande wa Mkunazini, ana chumba cha chini anachofanyia kazi. Alikuwa ametoa picha mpya na anakaribisha watu kuangalia, kununua si lazima. Kilichonipendeza mwanzo ni kuwa hakunifuata nyuma akinitajia bei. Alinimiminia kahawa, akaniacha nizunguke, kisha akauliza, "Haya dada, umeona nini?" Nilipomjibu ndipo akaanza kueleza.

Zilizonishika ni mbili, zote pwani ya Jambiani. Ya kwanza ni bamvua: bahari imekimbia mbali, wanawake wameinama kwenye mistari ya mwani, na kanga zao ndizo rangi kali pekee katika picha nzima. Ya pili ni maji mafu. Bahari haitoki vya kutosha, shamba halifikiki, na wanawake wale wale wamekaa kivulini wanafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vidogo. Kila mtu anachora mwani kama mandhari, alisema, yeye ametaka kuchora ratiba. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kazi ya mwani inakwenda na mwezi, saa ya ukutani haina amri. "Ukichora bamvua peke yake, umechora nusu ya kazi."

Nilisogea karibu na ile ya pili. Kamba hakuichora kwa brashi. Rangi ikiwa bado mbichi ameikwangua kwa kishikio cha brashi, ikatokea ile ya chini yake, nyekundu ya udongo. Vidole vya mama wa mbele vimevimba kwenye viungo. Hilo hulioni ukisimama mlangoni.

Picha zake za Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani, hazikunigusa. Jengo lile la 1883 lilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, nani Unguja hakuumia? Yeye amechanganya chokaa na mchanga kwenye rangi ili picha ichubuke kama ukuta wa mji wenyewe. Wazo zuri, lakini mbele ya macho ni kijivu tupu, na maelezo yalikuwa matamu kuliko picha. Nilimwambia. Akacheka, akasema hata mkewe kamwambia hivyo hivyo.

Bei imeandikwa kwa shilingi nyuma ya kila picha, mgeni na mwenyeji sawa. Hizo mbili za mwani hauzi moja bila nyingine, na mfuko wangu haukufurahi, ila baada ya yale maelezo ningebisha vipi? Nilizichukua kwa 350,000, nikalipa kwa mafungu mawili.

Lawama yangu ni fremu. Mbao zilikuwa hazijakauka, na masika ilipoingia moja ikapinda pembeni. Chukua picha kwake, fremu katafute kwa seremala unayemjua. Lakini alinipa vipande vya mpira vya kubandika pembe za nyuma ili hewa ipite, maana kuta zetu za chokaa hutoa jasho wakati wa mvua, na mpaka sasa sijaona ukungu. Anayevuka na boti aiviringishe bila fremu, upande wenye rangi uwe nje, isipasuke. Na Ijumaa mchana usihangaike kwenda, anafunga.