Kibandaski cha Kocha, Kakamega: imondo anapewa anayejua kikosi

Nimekula hapa mara nne ndio naandika, juu mara ya kwanza nilikuwa nimetoka safari na njaa na mtu mwenye njaa husifu chochote. Kibanda kiko Kakamega, karibu na Showground pale Kabras Sugar wanachezea raga yao ya nyumbani. Bango hakina, jina hakina, ni mabati, mabenchi ya mbao na moshi. Ukiuliza boda "nipeleke kwa Kocha" anakupeleka bila maswali. Mwenyewe ni mama wa makamo ambaye wateja wote wanamwita Kocha, hata wazee wanaoweza kumzaa.

Tuanze na chakula juu hii ni rivyu ya chakula, ama ilikuwa iwe.

Kuku ni ingokho kweli, wa kienyeji, sio hawa wa wiki sita. Nyama inashikilia mfupa, unapigana nayo kidogo, na supu inakaa jikoni toka asubuhi mpaka inakuwa rangi ya chai ya rangi. Ugali una wimbi kidogo ndani. Mboga ni mrenda ama likhubi, unachagua, na ukichagua sukuma Kocha anakuangalia kama mtu aliyepotea njia. Robo kuku na ugali na mboga ni 350, siku ya mechi inabaki 350, na hio peke yake nampa heko juu najua watu wanaopandisha bei wakiona tu mtu amevaa jezi. Chumvi iko sawa. Pilipili ya kuponda ni ya kuogopa, mimi nilitoa machozi mbele ya watoto.

Haraka usitarajie. Siku ya kawaida ni dakika kama ishirini, siku ya Kenya Cup, ile ligi kuu ya raga, nilingoja karibu saa nzima, na kuna jamaa aliagiza baada yangu akala mbele yangu, sijasahau. Choo sitasema mengi, nenda kabla hujafika. TV ni moja, sio kubwa, na mara yangu ya pili kifurushi kiliisha haftaimu, watu wakachangisha pesa kwa simu za kila mtu mpaka picha ikarudi tukiwa tumekosa dakika kumi hivi. Kuku nampa nane kwa kumi. Huduma tano.

Sasa ile kitu inafanya nirudi ni ubao.

Ukiingia, ukuta wa kushoto kuna mbao mbili nyeusi kama za darasani. Moja ni ya raga ya wachezaji 15, hio ni Simbas, timu ya taifa ya Kenya, ina nafasi 23 pamoja na wa akiba. Ingine ni ya saba kila upande, hio ni Shujaa, timu ya taifa ya saba, ina nafasi 12. Chaki iko kwa kopo la majani ya chai. Timu ya taifa ikikaribia kutajwa, mteja yeyote anaruhusiwa kuandika kikosi chake kwa karatasi na kukiweka kwa kopo lingine, halafu zile mbao mbili ni za mjadala, unapanda unaandika jina, na ukiandika lazima ugeuke uwaambie watu kwa nini. "Anatoka kwetu" ni sababu inakubaliwa lakini unalipia meza nzima chai. Kikosi cha kweli kikitoka, karatasi zinafunguliwa, na aliyepata majina mengi anapewa imondo.

Kwa wasiojua, imondo ni firigisi, na kwa Mluhya firigisi haipewi mtu hivi hivi, ni ya mwenye boma ama mgeni wa heshima. Wanaume wamekosana juu ya imondo. Sasa hapa nimeona imondo ikiwekwa mbele ya kijana wa sekondari mwenye sare bado, juu alipata 19 kati ya 23 za Simbas, na wazee wako hapo wanameza mate na hakuna aliyepinga. Hio siku nilielewa huyu mama si mchezo.

Alianzaje? Anasema kijana wake alikuwa anacheza shuleni, akaenda kumwangalia mara ya kwanza akakuta watoto wamelaliana kwa rundo, akataka kuingia uwanjani kumtoa wake. Mwalimu akakaa naye chini akamweleza. Akarudi akawaelezea wateja, na hajanyamaza mpaka leo.

Na anajua kueleza bwana. Kulikuwa na mzee mmoja, Ingwe damu, hajui kitu ingine ila AFC Leopards, alikuwa amekuja kula tu. Akaona ubao wa 15 akasema hii timu mnaharibu, hawa wanene wa nini, wekeni wakimbiaji wote. Kocha hakucheka. Akamuuliza, mzee umewahi kwenda Khayega kuona fahali wakipigana? Mzee akasema nimezaliwa huko. Akamwambia basi skramu, ule msukumano wa kugombea mpira, ni hio, isipokuwa wamefungana wanane kila upande na yule wa mbele akiteleza wote wanakwenda chini, sasa wewe ungepeleka nani mbele, fahali ama ndama mwenye mbio? Mzee akanyamaza akala. Alipomaliza akaomba chaki. Sijawahi kuona tangazo la raga kwa TV likifanya hio kazi, na nimeona mengi.

Hapa ndio nataka kuongea kidogo, mniwie radhi wenye walikuja kwa sababu ya kuku.

Miaka mingi raga huku kwetu imeuzwa kama pati. Tenti, DJ, bia, msichana amepaka rangi ya bendera shavuni, na mechi ziko huko nyuma mahali. Sipingi raha, nimekuwa kwa hizo tenti na nilifurahi, lakini ukiwauliza watu Jumatatu nani alishinda fainali hawajui. Mtu wa hivo mwaka ujao tamasha ingine ikija na DJ mzuri zaidi anaenda huko. Kwa Kocha pombe haiuzwi, ni soda, chai na maziwa lala, kwa hivyo watoto wanaingia, na mama zao. Na hawa hawatoki, juu wameandika jina la mtu ubaoni na wanataka kuona kama atawaaibisha.

Watu hupenda timu ya taifa kupitia kubishana juu yake. Mpira wa miguu umekua hivo, kila kinyozi ni kocha. Raga yetu kikosi kikitoka ni picha moja yenye majina, hakuna sababu, hakuna nani aliachwa na kwa nini, basi. Kama hujasoma zile shule za raga ama hujaishi Nairobi yale majina ni majina tu. Zamani ukitaja raga ulikuwa unataja klabu kama Quins, Impala, Nondies, Mwamba, zote za Nairobi. Halafu 2016 Kabras wakachukua Kenya Cup mara ya kwanza, KCB, klabu ya benki kule Nairobi, wakatawala miaka kadhaa, na 2022 kombe likarudi huku. George Nyambua wa Kabras amekuwa nahodha wa Simbas. Kwa mtoto anayeruka ua la Showground kuangalia mazoezi, nahodha wa nchi ni mtu amemwona akinunua ndizi. Hio huwezi kununua na matangazo.

Lakini nisiwe mnafiki, kubishana kwetu kuna upofu wake. Tunaona siku ya mechi tu. Kocha wa taifa anaona goti la nani limevimba, nani anakimbia dakika 80 na nani anazima dakika ya 50, nani ana ruhusa kazini na nani hana. Na raga ya saba ni mnyama mwingine, dakika saba saba, uwanja mzima na watu saba tu, mtu anaweza kuwa simba kwa 15 na huko akabaki anapumua. Mimi mwenyewe niliandika winga mmoja kwa ubao wa Shujaa, nikamsifu kweli kweli, Kocha akaniuliza swali moja tu: mpira ukiwa kwa mwingine huyu wako huwa wapi? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwona akifunga trai, yaani bao la raga, sikuwahi kumwona akikaba.

Ubao una kona zake. Juu kabisa kuna kipande cha gazeti kimebandikwa na kimekuwa cha njano, Singapore, Aprili 2016, Shujaa 30 Fiji 7, Fiji hao hao waliochukua dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka huo huo. Chini yake mtu ameandika jina la Benjamin Ayimba aliyekuwa kocha wa Shujaa hio siku, Mungu amlaze pema, hakuna anayefuta. Na kwa kona ya chini, kwa herufi ndogo, kuna 85-0. Hio ni kichapo Simbas walipewa na Ureno, Dubai, Novemba 2022, tulipoenda kutafuta ile tiketi ya mwisho ya Kombe la Dunia la wachezaji 15 ambalo hatujawahi kucheza hata siku moja. Niliuliza kwa nini isifutwe. Kocha akasema mtu akianza kujidai ubaoni anaonyeshwa hapo.

Na kama unafikiri jikoni na raga ni vitu viwili tofauti, kumbuka Dennis Ombachi. Ile trai ya mwisho dhidi ya Zimbabwe Johannesburg 2015, 21-17, iliyotupeleka Rio, ni yake, na leo vijana wengi wanamjua kama yule jamaa wa kupika mtandaoni. Msichana anayehudumu hapa alikuwa hajui aliwahi kucheza, nikamwonyesha video akaitazama mara tatu akisahau oda zangu.

Huyo msichana ndio ana malalamiko ambayo naunga mkono. Lionesses, timu ya taifa ya wanawake, hawana ubao. Wameandikwa kwa mlango wa friji, kwa chaki, na kila ukifungua kuchukua soda unafuta nusu mchezaji. Hawa wamecheza Olimpiki mbili, Rio na Tokyo, wanafaa ukuta wao. Kocha anasema mbao ni pesa na ukuta wa kulia una dirisha. Basi wazibe dirisha, mimi nitachanga. Kwa hilo natoa alama moja, ubao ulikuwa upate kumi sasa ni tisa.

Kwa wanaokuja kutoka mbali: Kisumu mpaka Kakamega ni matatu ya kama saa moja hivi na kitu, Nairobi ni safari ya siku nzima, lala hapa. Siku Kabras wako nyumbani fika mapema, saa tano ukiweza, utasikia ngoma za isukuti kutoka uwanjani na utajua benchi zimeanza kujaa. Kuku akiisha ameisha, hakuna wa pili, utapewa matumbo. Namba ya kulipia imeandikwa kwa mlango wa jikoni, onyesha meseji kabla hujatoka juu Kocha ana macho. Na usiandike jina ubaoni kama huna la kusema, kuna mtu tulimwacha amesimama pale mbele na chaki mkononi mpaka chai ikapoa.