Tathmini ya kituo cha ushauri wa ndoa Dodoma: huduma inaridhisha, malipo ya mshauri hayaridhishi

Kwa muda sasa mimi na mke wangu tumekuwa wateja wa kituo binafsi cha ushauri nasaha hapa Dodoma, na kwa kuwa watumishi wenzangu wengi huniuliza kama huduma hiyo ina faida na kama bei yake inastahili, nimeona niandike tathmini yangu kwa uwazi. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu ninachokilalamikia nimeelezwa kwamba kipo pia katika vituo vingine.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi za watumishi zimeishi kwa kugawanyika: mmoja yuko ofisini Mtumba, mwenzake amebaki Dar es Salaam na watoto wanaosoma. Yetu ni mojawapo. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imetupunguzia adha ya barabara, kwani mke wangu hufika Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi tukawa kituoni. Kikao cha wanandoa huchukua karibu saa nzima na hugharimu shilingi 40,000, ambazo hulipwa mapokezi kabla ya kuingia. Mazingira ni safi, risiti hutolewa, na chumba kimejengwa vizuri kiasi kwamba aliyeketi nje hasikii mnayozungumza, jambo ambalo kwa mji ambao watu hufahamiana sana maofisini lina uzito mkubwa.

Mshauri tuliyepangiwa alikuwa binti aliyemaliza shahada yake miaka michache tu iliyopita. Alitupokea kwa shikamoo, na mke wangu akasita alipouona umri wake, kwa maana katika jamii yetu mambo ya ndoa hupelekwa kwa wazee, kwa mshenga au kwa kiongozi wa dini. Kusita huko hakukudumu. Mke wangu alipokuwa anaeleza habari ya ada za watoto, nilitaka kumjibu papo hapo, na binti yule akanizuia kwa adabu: "Baba, kabla hujajibu, naomba unieleze mama amesema nini." Nikaeleza. Mke wangu akasema sivyo alivyosema. Nikaeleza tena, akatikisa kichwa. Niliporudia mara ya tatu ndipo akasema, "Hapo sasa umenisikia." Mtu asiyejua anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo, lakini kwetu lilifungua mazungumzo ambayo simu za kila usiku zilikuwa zimeshindwa kuyafungua, na halikutokea kwa bahati. Ni ujuzi wa mtu aliyefundishwa kunyamaza, kusikiliza na kukatiza kwa wakati wake.

Ndiyo maana nilisikitika sana niliposoma ubao wa matangazo uliopo mapokezi. Upande mmoja kuna orodha ya bei. Upande wa pili kulikuwa na tangazo la nafasi ya mshauri nasaha wa kujitolea, mwenye shahada, atakayefanya kazi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi kwa "posho ya nauli" ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Hesabu yake haihitaji mhasibu: wanandoa wanne wanaohudumiwa Jumamosi moja huingiza 160,000, yaani posho yote ya mwezi pamoja na salio. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2025 zilizofanyika hapo jirani Singida, Rais alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na kima hicho kinamhusu hata mtumishi ambaye hakwenda chuo kikuu. Mshauri wetu, naye mmoja wa hao wa kujitolea, ndiye aliyekuwa akifungua ofisi, akipokea simu na kupanga miadi, kisha akaingia chumbani kubeba mizigo ya mioyo ya watu. Tena posho si mshahara: haina makato ya NSSF, kwa hiyo miaka hiyo ya ujana inapita bila akiba yoyote ya uzeeni, wakati deni la masomo la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu linamsubiri, ambalo kwa mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Binti yule aliondoka tukiwa katikati ya safari yetu. Hatukuagwa wala hatukuandaliwa. Tulifika tukamkuta mwingine, naye kijana mwema, lakini tukalazimika kuanza upya kusimulia mambo ambayo kuyasema mara ya kwanza tu kulitugharimu usingizi. Ukibadilishiwa fundi wa gari, gari ni lile lile. Katika ushauri nasaha, mtu uliyemwamini ndiye huduma yenyewe, na kituo kinachoshindwa kumtunza kinakuwa kimemuuzia mteja nusu ya alicholipia.

Nilizungumza na msimamizi wa kituo. Alinijibu kwa heshima kwamba vijana hao "wanapata uzoefu". Nilipomuuliza ni mshauri gani mkongwe anayekaa nao kupitia kesi ngumu, hakuwa na jina la kunitajia. Uzoefu bila msimamizi wa kitaaluma ni kumwacha mtu ajifunzie kwenye ndoa za wengine, na lawama zikija azibebe peke yake.

Nadhani sisi wateja nasi tumechangia. Wengi wetu tulilisikia neno ushauri nasaha kwa mara ya kwanza katika upimaji wa VVU, hasa kampeni ya kitaifa ya mwaka 2007, na huduma ile ilitolewa bure, kama ilivyostahili. Tukabaki na fikra kwamba mshauri ni mtu wa maneno mazuri tu, na maneno hayalipiwi. Hapa Dodoma kuna pia hofu ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili: anayetafuta msaada wa moyo huogopa kuhesabiwa mgonjwa wa akili, kwa hiyo huja kwa siri, hulipa kwa siri na huondoka bila kuuliza chochote kuhusu aliyemhudumia.

Kwa ubora wa vikao, nawashauri wanandoa wenye hali kama yetu waende. Wafike Jumamosi mapema, kwani baada ya saa nne foleni huwa ndefu. Ila kabla ya kutoa fedha waulize mapokezi kama mshauri wao ana mkataba wa ajira, nani anamsimamia, na kama atakuwapo mpaka vikao viishe. Sisi tunaendelea na mshauri wetu wa sasa. Msimamizi nimemweleza kwa maandishi kwamba niko tayari kulipa 50,000 kwa kikao, endapo 10,000 ya nyongeza itaandikwa kwenye risiti kuwa ni ya mshauri, na mshauri mwenyewe akapewa nakala.